Kusini kwa Mwendo wa Maji: Wiki ya Nne

Siku ya 26, Mikindani

Leo asubuhi nimejumlisha daftari la matumizi: shilingi 948,500 kwa sisi wawili, mimi na mume wangu, tangu tulipopanda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu, Dar. Lengo tulilojiwekea ni 40,000 kwa siku, yote ndani, yaani chumba, chakula, nauli, vyombo vya majini na dawa. Kwa siku 26 hiyo ni 1,040,000, kwa hiyo tumebakiwa na 91,500 mkononi. Nimefurahi sana, maana mwisho wa wiki ya kwanza tulikuwa tumeshaanza kuulizia nauli ya kurudi Dar.

Wiki hiyo ya kwanza ilimeza 428,000. Nauli hadi Kilwa Masoko 20,000 kila mmoja, chumba cha 25,000 kwa usiku saba, kula kwa mama lishe asubuhi, mchana na jioni. Halafu boti. Habari ya boti naieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyogeuza safari yetu yote.

Tulitaka kufika Songo Mnara, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Tukakodi boti la injini kwa 120,000 na saa ya kuondoka tukaipanga wenyewe: saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nahodha, mzee wa umri wa babu yangu, alitushauri jana yake tuangalie maji kwanza. Tukashikilia asubuhi. Usiku huo mwezi ulikuwa mpevu, umejaa juu ya bahari, na mume wangu aliusifia kweli, lakini hatukujua kwamba ulikuwa unatuhusu.

Kabla ya saa nne boti lilianza kukwaruza chini. Mzee akazima injini, akaiinua, akashuka. Maji yalimfika magotini. Muda si mrefu yakawa kwenye vifundo, kisha tukawa tumekaa juu ya fungu la mchanga, kaa wadogo wanatoka kwenye matundu yao na kututazama.

"Wanangu," alisema huku akiisukumiza nanga mchangani kwa kisigino, "boti mmekodi. Maji hamkuyakodi."

Hakusema kwa ukali. Akachukua kijiti akatuchorea mwezi hapo hapo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Na kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Siku za bamvua, kwenye pwani hii, yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Tangu siku ile nimekuwa nikichomeka kijiti ufukweni na kuandika saa, na mchoro wa mzee haujanidanganya.

Tuliondolewa pale na maji yenyewe, saa saba na nusu mchana. Songo Mnara tukaipata kwa saa moja tu, kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa umeshachachamaa na mzee alitaka turudi kabla ya giza. Shilingi 120,000 kwa saa moja. Usiku ule hatukulala mapema, tulikuwa tunahesabu.

Tulipoangalia daftari tukaona kitu ambacho sasa naona kilikuwa wazi siku zote. Pesa zetu hazikuliwa na kukaa. Zililiwa na haraka: chumba cha usiku mmoja mmoja, boti la peke yetu, chakula cha kununua kwa sababu hatukujua boti za wavuvi zinarudi saa ngapi. Daftari likapata safu ya pili siku hiyo, pembeni ya pesa nikaanza kuandika maji.

Asubuhi nikamwendea mama mwenye gesti. Nikamwamkia, nikamuuliza kama tukilala siku sita zaidi atatufanyia bei gani. Akasema 15,000, na jiko la mkaa uani tulitumie. "Mgeni wa usiku mmoja ananifulisha mashuka kila kukicha," alisema. "Nyie kaeni, mwanangu." Basi tukakaa. Nikawa nashuka ufukweni boti zinaporudi, nanunua fungu la tasi au changu, nazi naikuna mwenyewe. Tangu hapo wastani wetu ni kama 27,400 kwa siku.

Kukaa huko ndiko kulikotupa Kilwa Kisiwani mara mbili. Kibali unakata Masoko kabla ya kuvuka, na kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni kutoka nje. Mara ya kwanza tulizungushwa na kiongozi kama watu wote: Gereza (ngome ya zamani), Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa. Mara ya pili tulivuka na mashua ya wanakijiji, tumebanana na magunia ya unga na mtoto aliyelala mapajani mwangu njia nzima, tukaenda taratibu.

Mume wangu ni fundi mwashi. Ndani ya Msikiti Mkuu alikaa chini ya kuba moja akaangalia juu hadi shingo ikamuuma. Msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, ni la karne hiyo hiyo. Hakuna saruji hata chembe. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, kwa hiyo ukuta mzima umetoka baharini. Alinionyesha mahali ambapo lipu imebanduka: jiwe lina vitundu vidogo vidogo, na chokaa imeingia kwenye kila kitundu ikashika kama mizizi. Akapitisha kidole gumba hapo, polepole, mara kadhaa. "Huyu hakuwa na haraka," akasema. Pale Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane, na ukuta wa jabali unashuka hadi baharini. Tulikula vitumbua vyetu tukiangalia jahazi moja likipita mbali.

Kilwa Kivinje tulikwenda kwa siku moja. Majengo ya zamani yanaanguka, miti imeota ndani ya vyumba, na iliniumiza. Pale palikuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe na ya watu.

Lindi naiandika kwa ufupi kwa sababu siku tatu kati ya saba nilikuwa kitandani na homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, vipimo na dawa vikala 18,000. Nilipopata nafuu tulivuka ghuba kwenda Kitunda, ng'ambo ya pili, tukarudi; ni hivyo tu. Tendaguru hatukufika, ingawa mume wangu alitamani sana: huko ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Dinosaria mmoja wa huko amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Ametoka Lindi yetu hii.

Sasa tuko Mikindani tangu siku ya 21, chumba 14,000. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na boma la Wajerumani la 1895 bado linang'aa juu ya kilima. Lakini sisi muda mwingi tuko chini ghubani. Mume wangu amepata kibarua kidogo cha kuziba ufa wa ukuta wa jirani kwa chokaa. Malipo yake ni samaki, na samaki siwaandiki kwenye daftari.

Tulipanga kwenda Msimbati, kijiji cha pwani kusini zaidi, kesho. Mama mwenye nyumba ana dada yake huko, na dada huyo amekubali kunichukua mwambani kuwinda pweza. Nikatazama safu ya maji: mwezi ni nusu, maji mafu. Utakuwa mpevu baada ya siku nane au tisa, na hapo mwamba utakuwa wazi saa nne asubuhi.

Nimemlipa mama usiku tisa mbele.