Siku moja maishani mwangu: mtunzi wa nyimbo anayejitegemea

Alhamisi, saa 11 alfajiri. Hutunga wakati huu kwa sababu nyumba za kwetu Kangemi, Nairobi, zimebanana, na kukishapambazuka redio ya jirani huanza kushindana nami. Wimbo niliokuwa nikiushughulikia ulikuwa na kiitikio kirefu: "Barabara hii uliyoizoea tangu utotoni, kwa nini mpaka leo hujaimaliza." Maneno hayo si mabaya, ila hayamwachii mwimbaji mahali pa kuvuta pumzi. Nilikata, nikakata tena, hadi kufikia saa 2 asubuhi nikawa nimebaki na mizani minane kwa minane, kipimo ambacho aliyekulia katika Kiswahili hukizoea masikioni kabla ya kukisoma shuleni: "Njia hii waijua, mbona bado hujafika." Sauti nayo ilikuwa ikipanda mno, kwa hiyo niliushusha wimbo kutoka ufunguo wa A hadi wa G ili hata asiye mwimbaji aufikie bila kukaza shingo.

Kuanzia saa 3 hadi saa 6 nilikuwa karani wa nafsi yangu, nikiandika ankara na kujibu barua pepe, kwa kuwa msanii asiye na kampuni ya kurekodi hulipia studio, picha na usafiri kutoka mfukoni mwake.

Saa 8 mchana tulikutana kwa mazoezi. Mpiga besi wangu, ambaye anapenda roki yenye mapigo ya kutatanisha, alilalamika kwamba kodi tatu, yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa pamoja, ni chache mno kwa wimbo mzima. Nilimwekea rekodi ya mpiga gita wa Kongo, Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville (sasa Likasi), Katanga, mwaka 1952. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza sauti ya juu, na kuuiga mkono huo ni kazi ngumu kweli kweli. Hata hivyo msikilizaji hatozwi chochote kwa ugumu huo, bali anapewa wimbo tu. Urahisi ninaoutafuta ni wa namna hiyo, ambao jasho lake limebaki kwa mtunzi. Urahisi wa mtu aliyeshindwa kutunga ubeti wa pili, akaamua kurudia kiitikio hadi wimbo uishe, ni jambo jingine, nao unatuchosha sote.

Baada ya ubishi tulikubaliana kwamba gita la umeme lingojee ubeti wa tatu, na mdundo ushikwe kwa chupa ya soda inayogongwa, kama walivyofanya wapigaji wa omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya, enzi za mwanamuziki George Mukabi. Mpiga besi bado hakuridhika, lakini chupa aliileta yeye.

Saa 2 usiku tulipanda jukwaani katika mkahawa mmoja wa Westlands. Kiitikio cha kwanza kiliwakuta watu wakila. Kilipokuja mara ya pili, meza moja karibu na mlango ilikuwa imekwisha kukishika, na kijana mmoja alipoingia akihema, wenzake wote walimgeukia wakamwimbia kwa pamoja "mbona bado hujafika", naye akajibu kwa sauti iliyotushinda hata sisi wenye vipaza sauti kwamba wakaiulize foleni ya magari ya Waiyaki Way.