Baridi ina nguo, giza ndilo kazi

Watu wakisikia naishi mji wa kaskazini mwa dunia huniuliza baridi tu. Baridi ina nguo. Kilichokuwa kikiniangusha ni giza: Desemba jua linachomoza saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri limeshazama, na kukiwa na mawingu hata hizo saa sita huzioni. Unaingia kazini giza, unatoka giza. Kila ikifika Januari nalala fofofo lakini naamka hoi, hamu yote iko kwenye vitu vitamu, na simu ya ndugu ikiita naiangalia mpaka ikatike.

Daktari akaniambia hiyo ni sonona ya msimu, ambayo Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu huko Marekani mwaka 1984. Akanishauri taa maalumu ya laksi 10,000; laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga. Taa za kawaida za sebuleni hutoa laksi mia chache tu. Naiwasha nikishaamka, naiweka pembeni, juu kidogo ya usawa wa macho, kisha nakunywa chai na kusoma kwa nusu saa. Siikodolei macho. Jioni siigusi kabisa, usingizi utaruka. Mwenye maradhi ya macho au anayetumia dawa za akili aulize kwanza hospitali. Mimi ilinifaa, na siku hizi naanza Oktoba, kabla sijazidiwa.

Mchana nako nalazimisha kutoka, maana mwanga wa nje, hata wa mawingu, unaushinda wa ndani. Ila usitegemee jua hilo likupe vitamini D. Liko chini mno angani, ngozi haiitengenezi, kwa hiyo nameza vidonge kwa kipimo nilichoandikiwa.

Sasa hizo nguo. Inayogusa mwili iwe ya sufu, si pamba; pamba ikilowa jasho haikauki, na hapo ndipo baridi inapokuingia. Juu yake sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Glavu nzuri ni zile za kifuko, vidole vinne vinakaa pamoja vikipashana joto. Viatu viwe na nafasi. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinazuia damu, na miguu inakufa ganzi upesi zaidi. Ikifika nyuzi -20, pumzi ya kwanza mlangoni inagandisha vinyweleo vya puani, unavisikia vikikakamaa. Ndani nako hita zinakausha hewa hadi midomo inapasuka na kitasa cha chuma kinakupiga shoti.

Jumamosi natembea na jamaa yangu mmoja, theluji iwepo isiwepo. Tunapanga wiki nzima kabla, kwa sababu Januari ukiniuliza siku ileile kama natoka, jibu langu ni hapana.