Kiungo cha roboti kinachokaza: usikimbilie grisi

Mkono wa roboti nilianza kuuunda kwa chuma bapa cha milimita 3, na mota ya bega ikawa inaunguruma tu bila kuinua kitu. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo: mzigo wa gramu 300 ukiwa sentimita 20 kutoka begani unadai nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 6 (kilo mara sentimita), mkono wenyewe hujauhesabu. Mota yangu, servo ya MG996R, kwa volti 4.8 hutoa 9.4 hivi, na hapo imeshafika mwisho. Ukiikalisha hapo inaungua.

Chuma kina uzito karibu mara tatu ya alumini ya ujazo uleule. Nikahamia vipande vinavyobaki kwa mafundi wa madirisha, Unga Limited, Arusha. Chukua bomba la mraba. Bapa hujipinda, na ekseli, yaani boliti ya kiungo, hupinda nayo.

Kwenye viungo niliweka beringi za 608: tundu milimita 8, kipenyo 22, upana 7. Ukuta wa bomba ni mwembamba mno kuzishika, hivyo kila upande nilifunga kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia nyama, unene milimita 10. Bana vipande vyote viwili pamoja, toboa tundu dogo la milimita 3 kwa mkupuo mmoja, ndipo kila kimoja ukichimbe kwa biti bapa ya mbao ya 22, kina milimita 7. Malizia kwa biti ya 16 hadi itokee upande wa pili. Ukingo wa plastiki unaobaki, uwe upande wa ndani, ndio unaoizuia beringi. Unapoigongea, gusa pete ya nje tu.

Nilipokaza nati, kiungo kikagoma. Nikapaka grisi, wapi! Pete za ndani zilikuwa zinavutwa zikaribiane huku za nje zimezuiwa, gololi zinabanwa kwa ubavu. Dawa ni kijibomba juu ya boliti, katikati ya beringi mbili: kipenyo cha nje kisizidi milimita 12, urefu sawasawa na nafasi iliyopo. Piga tupa ncha zake zinyooke.

Kwa vumbi letu la kiangazi chagua 608 ya 2RS, yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili. Inakaza kidogo kuliko ya kifuniko cha bati, lakini mkono wa roboti hauendi kasi. Grisi ya nje hugeuka msasa.

Kupima, toa mota, inua mkono hadi ulale, uachie. Unatakiwa ubembee mara kadhaa. Ukisimama ghafla, legeza nati robo mzunguko: ukiachia, kijibomba ni kifupi, usipoachia, matundu hayako mstari mmoja, chimba upya.