Njia ya Ubelgiji inayopita katikati ya Ujerumani

Kuna njia ya baiskeli inaitwa Vennbahn, inaanzia Aachen kule Ujerumani, inapita Ubelgiji na kuishia Troisvierges kaskazini mwa Luxembourg, kama kilomita 125 hivi na karibu yote imelazwa juu ya tuta la reli ya zamani. Niliipiga kiangazi cha 2022 na rafiki yangu mmoja Mrundi, na kila nikisikia watu wanabishana habari za mipaka namkumbuka yeye.

Ngoja nieleze kwanza reli yenyewe maana bila hiyo habari haieleweki. Waliijenga Waprusi, yaani Wajerumani wa dola ya Prussia, kipande cha Aachen mpaka Monschau kilifunguliwa 1885 na 1889 ikawa imefika Troisvierges, kazi yake kubwa kushusha makaa ya mawe kusini na kurudi na mawe ya chuma ya Luxembourg na Lorraine. Ikaja vita ya kwanza, Mjerumani akashindwa, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaipa Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy. Sasa reli ya kuunganisha hizo sehemu ndiyo hiyo hiyo, na inaingia Ujerumani inatoka inaingia tena, Mbelgiji akasema basi reli yote yangu, tuta na stesheni zake, hata pale inapopita kwa Wajerumani. Akapewa. Ndio maana mpaka leo kuna utepe mwembamba wa Ubelgiji unakatiza ndani ya Ujerumani, na vijiji vya Wajerumani vilivyobaki upande wa pili wa utepe vimezungukwa na Ubelgiji kila upande. Treni ya watalii ilisimama 2001, baadaye wakang'oa reli na mataruma wakamwaga lami, kuna watu walidhani ardhi itarudi Ujerumani kwa vile reli haipo tena lakini wapi, ni ya Ubelgiji mpaka kesho.

Na mkataba huo huo ndio uliomnyang'anya Mjerumani makoloni yake. Tanganyika ikaishia kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji. Mimi ni wa Kasulu mkoani Kigoma, mwenzangu kwao ni Ngozi kule Burundi, Kiha na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani, na kabla ya hapo wote tulikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hayo sikuyafikiria kabisa wakati tunapanga safari, tulikuwa tunawaza tyubu za akiba na mvua tu.

Yeye alikuja na treni asubuhi kutoka Liège anakoishi, tukakutana stesheni ya Aachen Rothe Erde ambapo njia inaanzia. Mwanzo ni kupanda, ila treni haziwezi milima mikali kwa hiyo waliokata ile njia walihakikisha mwinuko hauzidi asilimia 2 hivi, yaani unapiga pedali huku unapiga stori unashtukia tu mji umebaki bondeni. Tukapita Kornelimünster juu ya daraja refu la mawe, tukafika Raeren kuna mabehewa ya zamani yanaota kutu, miti imeshaanza kuyameza. Mimi nimekulia na stori za reli ya kati, baba mdogo alikuwa anapanda Kigoma mpaka Dar kila mwaka, kuona behewa limekufa vile roho inauma jamani.

Roetgen tukakaa kunywa kahawa na mzee mmoja kama wa miaka 80 akajiunga kwenye benchi, akatusimulia kwamba baada ya vita ya pili kahawa Ujerumani ilikuwa na ushuru wa kutisha wakati Ubelgiji bei rahisi, basi boda yote hii ikawa ya magendo, watoto wadogo wanavushwa usiku na mafurushi ya kahawa, na yeye akiwa mtoto alibeba. Kuna kijiji kinaitwa Schmidt, kanisa lao lililobomolewa na vita watu wanasema lilisimama tena kwa pesa za wapiga magendo, wakalipa jina la utani Sankt Mokka. Mrundi wangu akamwambia mzee sisi Ngozi ndio tunailima hiyo kahawa, mama yangu ana miti yake. Mzee akampa mkono akaung'ang'ania muda mrefu.

Halafu ndio tukafika Konzen. Pale kuna kipande cha Ujerumani kinaitwa Rückschlag, kidogo sana, nyumba na uwanja wake, upande huu wa njia Ujerumani upande ule Ujerumani na katikati sisi juu ya lami tuko Ubelgiji. Nikamwonyesha kwenye simu. Akashuka kwenye baiskeli, akaangalia ramani, akaangalia ile nyumba, akanyamaza weee mpaka nikamuuliza vipi ndugu yangu.

Akasema, "Kaka, unajua Mtabila tulikuwa haturuhusiwi kuvuka kilomita 4."

Naijua Mtabila. Ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hapo hapo wilayani kwetu Kasulu, ilifungwa 2012. Mama alikuwa anapeleka mafuta ya mawese kuuza soko la kambini, mimi ndio nasukuma baiskeli, naingia natoka nikijisikia. Yeye alikuwa ndani, mtoto kama mimi, na mkimbizi kutoka nje ya kilomita 4 bila kibali ni kosa, ukikamatwa unapelekwa mahakamani. Alikuwa anatoroka na wenzake kwenda kulima vibarua mashamba ya watu wa kwetu, jembe wanalificha porini. Inawezekana kabisa tulishapishana barabarani. Familia yake ikarudi Burundi, mambo yakaharibika tena 2015, akaishia Ubelgiji, na kule nako alipokuwa anasubiri kesi yake ya ukimbizi hakuwa na karatasi za kumruhusu kutoka nje ya nchi. Liège mpaka Aachen ni safari ya treni ya muda mfupi tu, yeye alikuwa anaiangalia kwenye ubao wa stesheni basi.

"Kumbe ningekuja huku," akasema, "ningeendesha ndani ya Ujerumani na hakuna wa kunigusa, niko Ubelgiji."

Akaanza kucheka, akaiweka baiskeli chini, akawa anatembea, hatua moja kwenye nyasi hatua moja kwenye lami, Ujerumani, Ubelgiji, Ujerumani, anahesabu kwa Kirundi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona soko la kambini na yule mimi mdogo na baiskeli yangu ambaye hajawahi kuulizwa kibali na mtu.

Baada ya Kalterherberg mvua ikatukamata, huko juu ni Hohes Venn, tambarare la majimaji na ukungu, baridi ya mwezi wa 6 ambayo Kigoma huipati hata Julai. Hatukuongea sana, kila mtu kichwa chini. Tulilala Sankt Vith, mji ambao mabomu yaliumaliza Krismasi ya 1944 kwa hiyo karibu kila nyumba ni mpya.

Kesho yake jua. Tukateremka mabonde mpaka Burg-Reuland kwenye magofu ya ngome, na karibu na boda ya Luxembourg handaki la reli limefungwa, wameachiwa popo walale, unalazimika kupanda juu ya kilima na hicho ndio kilima pekee cha kweli safari nzima. Kule juu unaingia Luxembourg hivi hivi, hakuna geti, hakuna askari, lami tu inaendelea.

Troisvierges stesheni bado inafanya kazi. Tukiwa tunasubiri treni akampigia mama yake Bujumbura kwa video, akamwambia kwa Kirundi nimeendesha nchi tatu kwa baiskeli. Mama akauliza, "Kibali umepewa na nani?" Akamjibu hakuna kibali mama, ni baiskeli tu. Mama hakuamini, akataka aongee na mimi, nikamwamkia kwa Kiha, akataka kujua mimi mtoto wa nani Kasulu na soko gani mama alikuwa anauza, nikamtajia, akasema mawese ya siku zile yalikuwa mazuri, akaniuliza na baiskeli kama hizo huko zinauzwa bei gani.