Baa nyekundu

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kiti cha mbao kinapokaliwa na mtu mzito. Ng'ii. Ilitoka nyuma ya dashibodi kila nilipopandisha gurudumu moja kwenye ukingo wa barabara, ikarudia nilipolishusha. Kwenye lami tambarare huisikii. Ila kwenye kona ndefu, nikiwa na mwendo kidogo, kulikuwa na jambo jingine: nakata usukani, pua ya gari inasita, halafu ndipo inafuata, kama mtoto aliyeitwa katikati ya mchezo.

Nilikuwa na miaka 23 na gari langu la kwanza, dogo, la milango mitano, linalovutwa na magurudumu ya mbele, umri wake unakaribia wangu. Kijana mwenye gari la namna hiyo hutafuta dawa kabla hajajua ugonjwa. Yangu niliipata: baa ya kukaza bodi, ile ambayo vijana wa magari huiita strati baa, fimbo inayolala chini ya boneti na kuunganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele. Nilizoziona zilikuwa tatu, za rangi tatu. Nikachukua nyekundu. Kigezo kingine sikuwa nacho.

Lakini nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba gari dogo halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe, mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa, ndiyo chasisi. Nilijua pia kwamba mfumo wa shokapu niliokuwa nao, ule wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ulioonekana kwenye Ford Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, unapeleka mzigo mkubwa pale juu. Springi na shokapu zimekuwa kitu kimoja kilichosimama. Chini kinashika gurudumu, juu kinaingia kwenye mnara wa bati ndani ya boneti na kufungwa kwa nati tatu. Tairi likigonga shimo, mnara unajua. Gari likilalia kona, minara miwili inasukumwa kwa nguvu zisizolingana, na bati lililo kati yake, hasa la gari lililokula miaka, linajinyonga kidogo. Ifunge minara hiyo kwa fimbo ngumu, mmoja ukisukumwa mwingine unausaidia. Kwa maneno nilikuwa nimefuzu.

Nikaanza Jumamosi asubuhi, peke yangu, na kosa la kwanza nikalifanya kabla sijagusa nati. Nilipiga jeki, nikaweka stendi mbili, nikavua magurudumu yote mawili ya mbele. Ya nini? Kichwani mwangu kazi ya shokapu ilikuwa kazi ya kuvua magurudumu, basi. Baa inafungwa juu, ndani ya boneti. Magurudumu hayahusiki hata chembe. Ila gari likikaa juu ya stendi, na wewe una grisi kwenye kiwiko, unajiona fundi.

Soketi namba 14. Nati ya kwanza ya upande wa kulia ilitoka kwa mlio mkavu wa kutu. Ya pili ikaja kwa urahisi. Ya tatu ilikuwa bado kiganjani nilipoona zile bolti tatu zilizochomoza juu ya bati zinazama. Polepole, zote pamoja. Kikafuata kishindo, na palipokuwa na bolti pakabaki mashimo matatu. Shokapu nzima, na springi yake, ilikuwa imedondoka ndani ya tao la tairi, imeegemea pembeni, mpira wa breki umevutika mpaka umenyooka.

Sikuelewa. Nikaenda upande wa kushoto nione inavyotakiwa kukaa, na huko, katikati ya nati tatu, chini ya kifuniko cha mpira, nikakuta nati nyingine kubwa kuliko zote. Nikajiambia, labda hii ndiyo inayoshikilia. Labda ningeanza na hii. Spana ilikuwa imeshakaa kichwani pake niliposikia mtu nyuma yangu.

“Mjomba. Toa spana hapo.”

Ni kaka yake mama. Alikuwa ametengeneza magari kwa zaidi ya miaka 30 kabla mgongo haujamkataza, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata siku ile hakuipaza. Nikatoa spana.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Unajua hiyo inashika nini?”

Sikujua. Inashika springi. Springi imebanwa kati ya kikombe cha chini na kichwa cha shokapu, na hata gurudumu likiwa linaning'inia bado ina nguvu iliyofungiwa ndani, ya kutosha kumvunja mtu taya au kumwua kabisa. Nati ile haifunguliwi mpaka springi imebanwa kwa kifaa chake, na kazi yangu haikuihitaji kwa lolote. Alinieleza hayo huku akikunja mikono ya shati, kisha akachungulia upande wa kulia, akayaona yale mashimo matatu matupu, akanitazama.

“Na huyu naye umemning'iniza ili iweje?”

Kuirudisha kulitutoa jasho. Yeye alilala chini, mgongo na yote, akaweka jeki ya pili kwenye mkono wa chini wa gurudumu na kuupandisha kidogo kidogo. Mimi nilikuwa juu nikizielekeza bolti kwenye mashimo kwa bisibisi, nikisema “bado, bado, kushoto kidogo,” kana kwamba kulikuwa na kushoto. Ziliingia zote mara moja. Nikazishika kwa nati, kwa vidole tu.

“Gari likiwa chini,” alisema akiwa bado amelala, “uzito wake wenyewe unaibana shokapu kwenye mnara. Fungua nati zote tatu, haiendi kokote. Wewe umelinyanyua, halafu ukafungua.”

Alipoinuka akaichukua baa, akafunga jicho moja na kuichungulia kwa ncha, kama seremala anavyokagua ubao.

“Mbona imepinda?”

“Inapita juu ya injini, mjomba.”

“Na hizi bolti hapa miguuni?”

“Zinaunganisha fimbo na miguu yake.”

“Kwa hiyo imepinda, na ina viungo.”

Nikanyamaza. Fimbo iliyonyooka ukiisukuma kwa ncha inakataa. Iliyopinda inaanza kwa kupinda zaidi, na kila kiungo kinachocheza kinakula sehemu ya ugumu ulioulipia. Hilo nalo lilikuwamo katika yale niliyoyasoma. Rangi ilikuwa imenifumba macho.

Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikutana na mtu anayebishana kuhusu baa hizi nakirudia. Alikata vipande vinne vya boksi lililokuja na baa, akavitoboa ncha, akaviunganisha kwa skrubu ndogo mpaka kikawa kisanduku cha mraba. Akakisukuma kona kwa kidole. Kikalala upande, kikawa mshazari, bila ubishi wowote. Akaongeza kipande cha tano, kutoka kona hadi kona. Akasukuma tena. Kikagoma.

“Baa yako ni huu ubavu wa juu,” alisema. “Itazuia minara isisogeleane wala isiachane. Hiyo ni kazi, siidharau. Lakini minara yote ikisukumwa upande mmoja, itakwenda nayo tu. Yenye kuzuia hilo ina mguu wa tatu, unafungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Hapo umepata pembetatu.”

Niliipenda sana fizikia ile ya maboksi, na niliichukia, maana baa nilikuwa nimeshailipia.

Tukafunga magurudumu, tukashusha gari kwenye sakafu iliyo sawa. Akaniambia nilisukume mita chache mbele, nilirudishe, kisha nilikandamize kwa mikono kila kona ya mbele, kwa sababu gari lililotoka kwenye jeki huwa halijakaa sawasawa. Matairi yameshika sakafu mahali pasipo pake na shokapu hazijarefuka wala kufupika inavyotakiwa. Ndipo tukatoa nati tena, safari hii bolti zikabaki zimesimama, zinanicheka. Tukalaza miguu ya baa juu ya minara. Miguu ilikuwa na unene wa milimita 5, kwa hiyo alitaka kwanza kuona kama bolti zitabakiza meno ya kutosha kwa nati. Zilibakiza; nati ilipokaa, meno mawili yalichungulia juu yake. “Yangekuwa yamezama ndani ya nati, ungeirudisha ulikoitoa,” akasema.

Fimbo yenyewe ina skrubu ncha zote mbili, moja ya kulia na nyingine ya kushoto, ukiizungusha katikati inarefuka au inafupika. Niliizungusha mpaka ule mchezo mdogo wa miguu ukaisha. Nikataka kuongeza nusu mzunguko, ili ikaze. Akanishika kiganja. Hapo, alisema, utakuwa unaitenga minara kwa nguvu, unabadilisha pembe ya magurudumu, na bodi itakaa imenuna siku zote. Baa ifike tu na kushika; isisukume wala isivute. Nati za kufungia fimbo zikafuata, kisha zile sita za minarani, kwa spana ya kupimia, nyutoni-mita 39 kama kitabu cha gari kilivyosema. Ile spana ilitoa “tik” nikiwa bado naona ni mapema mno. Kwa mkono wangu ningekaza mpaka mshipa wa shingo usimame, na pengine ningekata bolti.

Cha mwisho kilikuwa boneti. Aliviringa vidonge vitatu vya udongo wa kuchezea watoto, akavibandika juu ya baa, kimoja katikati na viwili pembeni, akashusha boneti taratibu mpaka ikajifunga. Tulipoifungua vilikuwa vimebonyea. Tukapima kilichobaki: cha katikati kilikuwa na milimita 7. Akaridhika. Akawasha gari, akakanyaga mafuta ghafla huku mimi nikiangalia injini ikijitikisa kwenye maunti zake, mipira inayoishikilia, nione kama itaigonga baa kwa chini. Haikuigonga. Siku ya pili nikapeleka gari kwenye alaimenti, kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu, kwa ajili ya ile shokapu iliyodondoka.

Na gari likawa jipya! Hivyo ndivyo nilivyosema kwa wiki mbili. Nilimweleza kila aliyekubali kupanda jinsi usukani ulivyokuwa mwepesi kujibu, jinsi pua inavyoingia kona, jinsi gari “limeshikana.” Nilikuwa nafungua boneti kwenye maegesho bila sababu. Mjomba alipanda mara mbili, akasikiliza, hakuchangia.

Jumapili moja aliniomba nimpeleke safari fupi. Njiani kulikuwa na mzunguko mkubwa, nikauchukua kwa mwendo wa kujionyesha. “Unaona, mjomba? Zamani hapa lilikuwa linasita.” Akaitikia kwa koo. Tulipofika nikapandisha gurudumu kwenye ukingo, nikazima gari, nikaenda kufungua boneti kwa mazoea yangu.

Hapakuwa na kitu. Nati sita zimekazwa vizuri juu ya minara, na katikati yake hewa.

“Iko nyuma,” alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka. “Chini ya zulia la buti. Tangu Alhamisi.”

Siku tatu nzima nilikuwa nimeisifia baa iliyolala kwenye buti. Nilikasirika kwa dakika kama tano, nikazunguka gari, nikarudi. Yeye akangoja niishiwe, kisha akauliza: “Ulipopanda ukingo sasa hivi, umesikia nini?”

Nilikuwa naongea wakati ule. Akaniambia niwashe, nishuke, nipande tena, nikiwa kimya. Ng'ii. Ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa, na huenda ilikuwa imerudi tangu hiyo Alhamisi; mimi nilikuwa nasikiliza kona, ambako baa haikuwa imebadilisha kitu ninachoweza kukihisi, na sikusikiliza dashibodi, ambako ilikuwa imefanya kazi yake. Kwa kweli hilo ndilo lililoniuma kuliko kudanganywa.

Tuliporudi alinilaza chini ya gari na kunipa mtaimbo. Akaniambia niingize ncha yake kati ya mkono wa chini na bodi, pale penye bushi ya nyuma, kile kiungo cha mpira kinachoushika mkono kwenye bodi, niusukume kidogo. Mkono ukasogea kama jino bovu. Mpira wa bushi ulikuwa umechanika nusu duara, chuma cha katikati kikitembea kinavyotaka. Huko ndiko ilikotoka ile kusita kwenye kona: nikikata usukani, gurudumu lilimaliza kwanza nafasi ya ile bushi, ndipo likakumbuka kuvuta gari. Ningeweka hata baa kumi juu, chini kungeendelea kucheza.

Bushi nne mpya, mbili kila upande, zilitugharimu siku nzima, nyingi ya siku hiyo ikiwa ni kuzitoa zile kuukuu. Bolti za mikono hatukuzikaza mpaka gari limeshuka chini, na safari hii nililisema mimi kabla yake. Kisha nikaitoa baa kwenye buti, nikaifunga: vidole, fimbo mpaka mchezo uishe, “tik” mara sita.

Kidonge kimoja cha udongo hatukukitoa siku ile ya kwanza. Kilibaki kimegandia katikati ya baa, kikapitia na ule mzaha wa buti bila kubanduka. Joto la injini limekifanya kigumu kama jiwe. Juu yake kuna alama ya ubavu wa boneti, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni, ukikitazama kwa mwanga wa ubavuni, kuna dole gumba la mjomba.