Eti lini nitakuwa steringi

Jamani hii kauli ya mjomba imenikaa kichwani, niko dukani nampimia mteja kitenge naisikia, nimelala naisikia. Ni Jumapili kule msibani Mikindani, huku Mtwara, tumekaa mkekani watu washakula, mjomba akapaza sauti, "Hivi we mjomba, lini na wewe utakuwa steringi? Kila muvi nikikuona, hata sijakaa vizuri ushakufa."

Watu wakacheka mpaka mashangazi kule ndani, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nikamwambia mjomba, kuna Mmarekani anaitwa J.K. Simmons, kaanzia jukwaani huko, kaimba, kacheza mpaka Captain Hook, kwenye tivii akawa mfungwa katili hutaki hata kumwangalia, kwenye sinema mhariri wa gazeti mwenye gubu, na Oscar kaipata 2015 ana miaka 60, tena ya muigizaji msaidizi! Mjomba kanisikiliza vizuri kabisa, anachokonoa meno, halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo mpaka miaka 60 tunakuchangia nauli?"

Hapo ndo sikuwa na neno. Majibu yananijia sasa hivi, ya nini tena. Ningemtajia yule mchekeshaji Mzee Small, mtu wa Kilwa, huku huku kwetu kusini, maana alivyofariki Juni 2014 mjomba huyu huyu alinuna siku nzima kama kafiwa na ndugu, nani aliwahi kumuuliza Mzee Small habari za usteringi? Akitokea tu kwenye tivii nyumba nzima kimya. Lakini ndo hivyo, "tunakuchangia nauli", na alisema TUNA, kama ukoo mzima ulishakaa kikao.



Sasa leo jioni kijiweni Chuno nanunua mihogo, madogo wa boda wawili wanabishana, mmoja anasema yule mganga wa ile muvi ya kwanza na mchungaji wa hii mpya ni mtu mmoja, mwenzie anaapa haiwezekani, mganga ni mzee kabisa, anachechemea, hana hata meno ya mbele. Mganga mimi, mchungaji mimi! Ile chechemea niliweka kokoto kwenye kiatu cha kushoto shuti nzima mpaka kisigino kikachubuka, na sauti niliiba ya bibi. Nimesimama hapo na pilipili mkononi, wananiangalia usoni, hawanijui. Sikusema kitu. Nimetembea mpaka nyumbani natabasamu peke yangu kama chizi.

Sema mama kapiga simu saa hizi toka shamba, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ushaanza kwenye mikorosho ya upande wa juu, maua yanakauka, na salfa ya kupulizia hajapata hata mfuko mmoja. Ndo nawaza kesho nimkope nani.