Saa ya Kuripoti Kazini na Foleni za Dar
Mhasibu anayetoka Mbagala kwenda Posta huondoka nyumbani alfajiri ili asaini daftari la mahudhurio saa mbili kamili, na bado foleni huweza kumchelewesha, ilhali hesabu zake zingeweza kuanza saa nne pasipo mteja yeyote kuathirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inaruhusu kwa makubaliano ya maandishi siku ya kazi ya hadi saa 12, mradi siku hizo zisizidi tano kwa wiki. Natamani sana waajiri wetu waitumie nafasi hiyo, ili mfanyakazi kama huyo akabiliane na foleni siku chache zaidi kwa wiki. Muuguzi wa zamu ni suala tofauti kabisa: akichelewa, mwenzake aliyekesha wodini hawezi kuondoka.